Kiota, wavu, mgeni au bwawa: kijiji cha pwani kichague njia ipi ya kulinda kasa?

Kabla ya kuulizana nani atalipwa, ulizaneni kasa wenu wanafia wapi. Swali hili hurukwa mara nyingi, na ndilo linalofanya miradi miwili yenye fedha sawa iishie pabaya mmoja na pazuri mwingine. Kuna vijiji ambako mayai huchimbwa usiku uleule yanapotagwa. Huko hatari iko nchi kavu. Kuna vingine ambako hakuna hata jike mmoja anayepanda kutaga, lakini jarife, ule wavu wa kutegwa na kuachwa majini, huleta kasa waliokwisha kufa maji. Kijiji cha namna hii kikianzisha malipo ya viota kwa sababu tu jirani yake amefanikiwa, kitamaliza fedha zake na kasa wake watazidi kufa.

Jibu hupatikana kwa madaftari mawili na miezi mitatu ya msimu ambao wazee wa hapo wanaujua kuwa ndio wa kutaga. Daftari la kwanza ni la ufuoni. Mtu hupita asubuhi mapema, kabla upepo haujafuta nyayo na watu hawajazikanyaga, akaandika: nyayo za kupanda na kushuka, viota, mashimo yaliyochimbwa, magamba yaliyotupwa vichakani, na kama ni binadamu, mbwa, kenge au nguruwe mwitu. Daftari la pili ni la dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki: kasa aliyenaswa, aina ya wavu, umekaa majini muda gani, alitoka hai au mfu. Daftari hili lisiandikwe jina la mtu. Sheria za Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar zote zinakataza kumkamata kasa, kumuuza au kuwa na nyama yake, kwa hiyo siku jina la kwanza litakapoandikwa, hakuna atakayesema kweli tena.

Mkishajua, njia zilizopo kwa kijiji ni tano. Nne kati yake zinafanya kazi mahali pake. Ya tano tunaieleza kwa sababu inaulizwa sana.

| Njia | Inamlinda nani | Fedha zinaishia kwa nani | Huvunjikia wapi |
|---|---|---|---|
| Malipo ya kiota | Mayai, watoto wa kasa | Aliyekiona kiota | Malipo kuchelewa. Mlipwaji kuwa ndiye mhakiki |
| Mlinzi wa ufuo mwenye posho | Mayai na jike anayetaga | Walinzi wachache | Mfadhili kuondoka |
| Kumwachia kasa wa wavuni | Wakubwa na wanaokua | Nahodha, tajiri wa wavu | Fidia kugeuka bei |
| Wageni wa kutazama watoto wakitoka | Mayai | Mfuko wa kijiji, waongozaji | Viota vichache. Watoto kushikiliwa wageni wafike |
| Bwawa la kasa | Vigumu kusema | Mwenye bwawa | Kasa kukaa humo miaka |

Malipo ya kiota

Hii ndiyo njia inayojulikana zaidi kwenye pwani yetu. Mafia ilianza mwaka 2001, chini ya mradi wa kasa na nguva ambao baadaye ulikua ukawa shirika la Sea Sense. Hata Lamu na Watamu, anayetoa taarifa ya kiota hupewa kitu. Lililotofautisha Mafia, na ambalo kila kijiji kinapaswa kuliiga, ni kuyagawa malipo mara mbili: sehemu ya kwanza kiota kinapothibitishwa, ya pili baada ya mayai kuanguliwa, kulingana na idadi ya yaliyoangua.

Angalia tofauti. Ukilipa yote siku ya kwanza, umenunua taarifa tu. Aliyekuonyesha hana sababu ya kujali mbwa akifukua siku ya 30, na hakuna kinachomzuia mwenzake kuja kuyachimba mayai wiki ya pili. Ukilipa yote mwishoni, unamwambia mtu asiye na akiba angoje karibu miezi miwili, wakati mayai yenyewe yana mnunuzi leo. Ukigawa, aliyekiona anapata cha kumshika mkono sasa, na anabaki na mali yake mchangani mpaka siku ya mwisho. Ataizungukia mwenyewe, na atawaambia vijana wa mtaani kwake waiache.

Kiasi gani? Sehemu ya kwanza ikaribie thamani ya mayai yale kwa mlaji wa hapo kijijini, isiizidi sana. Kiota cha kasa wa kawaida, yule wanaomwita kasa uziwa sehemu nyingine, huwa na mayai 100 hadi 130 hivi. Cha ng'amba, aina nyingine ya kasa wetu, mara nyingi huzidi hapo. Chukueni namba za kuigizia, kwa shilingi za Tanzania: kijiji chenye viota 40 kwa mwaka, Sh 10,000 kwa kuthibitishwa na Sh 150 kwa kila yai lililoangua. Yakiangua 80, kiota kimoja kinagharimu Sh 22,000, na mwaka mzima Sh 880,000. Mafungu hayo kijiji kinaweza kuyatafuta chenyewe hata mfadhili asipokuwepo. Ndiyo sababu, pale viota vinapokuwa vichache na vimetawanyika ufuo mrefu, njia hii haina mpinzani: macho yanayolipwa ni ya kila anayepita, si ya watu wawili. Akina mama wanaokwenda kwenye pweza na mwani huwa ufuoni alfajiri kuliko mtu yeyote, na wengi hawaambiwi kwamba malipo haya ni yao pia. Watumieni kwa simu zao wenyewe, si kupitia waume zao.

Penye kuharibika ni hapa. Anayelipwa kwa kiota asiwe ndiye anayekithibitisha, wala anayehesabu maganda. Mtu wa pili afike siku hiyohiyo, afuate nyayo, atafute chumba cha mayai kwa vidole tu. Asitumie kijiti kuchomachoma mchanga: yai moja likitoboka huvuta siafu na kaa, na kiota kizima kinakwenda. Kila kiota kipewe namba, tarehe, umbali kutoka alama mbili zisizohama (mkadi, jiwe, nguzo), na kisiwekewe bendera inayoonekana kutoka baharini.

Kuhesabu kunafanywa siku 2 au 3 baada ya kundi kubwa kutoka. Mnafukua na kutenga mafungu: maganda yaliyobaki zaidi ya nusu (kila moja ni mtoto mmoja), mayai yasiyoangua, waliokufa ndani ya ganda, waliokufa nje ya ganda, na walio hai bado. Idadi ya maganda ukigawanya kwa jumla ya mayai yote, mara 100, ndiyo asilimia ya kuangua. Mlipwaji awepo na aone. Mgogoro mwingi wa fedha huzaliwa pale mtu anapoambiwa "yaliangua 41" bila yeye kuyaona maganda.

Jambo la pili linaloua njia hii ni ucheleweshaji. Mkiahidi siku 7, lipeni siku 7. Kijiji kinachongoja malipo miezi mitatu kitarudi kula mayai bila kumwambia mtu, na daftari lenu litaonyesha viota vimepungua ufuoni kumbe vimepungua kwenye taarifa tu.

Mlinzi wa ufuo mwenye posho

Linganisha na mlinzi. Walinzi 2 kwa posho ya Sh 150,000 kwa mwezi ni Sh 3,600,000 kwa mwaka, viota viwe 5 au 500. Kwa namba zetu za hapo juu, gharama hiyo hulingana na malipo ya viota karibu 164. Chini ya hapo, kwa hesabu ya fedha peke yake, malipo ya kiota yana nafuu. Juu ya hapo, mlinzi ana nafuu.

Lakini mlinzi hufanya mambo ambayo malipo ya kiota hayawezi. Jike anayetaga hurudi ufuo uleule mara kadhaa katika msimu mmoja, kila baada ya wiki 2 hivi, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya kurudi tena. Amechukua miongo ya miaka kufika umri wa kutaga. Akipinduliwa mgongoni usiku na kuchinjwa, mmepoteza viota vyote ambavyo angevitaga maisha yake yote, na hakuna malipo ya kiota yatakayomlipa mtu kwa jike aliyeachwa apite salama. Pale ambapo majike wanachinjwa ufuoni, wekeni mlinzi kwanza, hata kama viota ni 10.

Nani achaguliwe? Mkutano mkuu wa kijiji ndio uchague, kwa uwazi, na usiogope kumchagua aliyekuwa mchimba mayai. Brazil, mradi wa TAMAR ulioanza 1980 uliwaajiri wavuvi wa vijijini, wakiwemo waliokuwa wakiyachukua mayai, kwa sababu walijua ufuo kuliko wataalamu waliotoka mjini. Mtu kama huyo hajifunzi kusoma nyayo. Anajifunza kuandika tu. Nafasi hii ikipewa mpwa wa mwenyekiti asiyeamka alfajiri, kila mtu atajua ndani ya wiki moja, na heshima ya mradi itakuwa imekwisha.

Mlinzi mmoja anamudu kilomita 5 au 6 za asubuhi. Doria ya usiku iwe ya wawili, tochi ya mwanga mwekundu, na izimwe mpaka jike aanze kuangusha mayai. Kabla ya hapo mwanga au mwendo wa mtu humrudisha majini. Posho isitegemee idadi ya viota anavyoandika, la sivyo mtapata viota vya kwenye karatasi.

Kumwachia kasa wa wavuni

Hapa ndipo tunapodhani vijiji vingi vinapaswa kuelekeza nguvu, ingawa ndipo pagumu. Kati ya watoto 1,000 wanaoingia baharini, makadirio ya kawaida ni kwamba mmoja hivi ndiye hufika utu uzima. Kasa mkubwa au anayekaribia ukubwa aliyemo wavuni ameshapita hatari zote hizo. Hesabu za wataalamu wa Marekani mwaka 1987 kuhusu duvi, aina nyingine ya kasa, zilionyesha kwamba hata mayai yote yakilindwa, idadi haitapanda kama wanaokua wanaendelea kufa nyavuni. Ndizo zilizosaidia kuwasukuma kuweka vifaa vya kutolea kasa kwenye nyavu za kuvulia kamba wa baharini.

Mfano wa kwetu ni Watamu, Kenya, ambako Local Ocean Conservation, iliyoanza mwaka 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch, hupigiwa simu na wavuvi kasa anaponaswa. Wanakuja, wanampima, wanamwachia au wanampeleka kwenye kituo cha matibabu, na mvuvi hurudishiwa kiasi kidogo cha simu na usumbufu. Kasa zaidi ya 20,000 wamepita kwenye utaratibu huo.

Neno muhimu ni *kidogo*. Fidia ikikaribia bei ya nyama, kasa amegeuka biashara, na kuna atakayetega kusudi. Fidia isiyofika hata gharama ya vocha na muda uliopotea nayo ni tusi, na mvuvi atamkata kimyakimya. Kati ya hizo mbili kuna nafasi nyembamba, na haitafutwi ofisini. Kaeni na manahodha mkokotoe: dakika ngapi, mafuta kiasi gani, tobo la wavu linashonwa kwa shilingi ngapi.

Na hapo kuna jambo ambalo miradi mingi hailioni: wavu si wa mvuvi. Nahodha na mabaharia wanapoteza muda. Tajiri wa wavu ndiye anayepoteza nyuzi. Ukimlipa nahodha peke yake, tajiri atamwambia mara ya pili wavu usikatwe kwa ajili ya kasa. Gawanyeni: pesa taslimu kwa wavuvi waliomwachia, uzi na vitambaa vya kushonea kwa mwenye wavu. Uzi hauliwi wala haukopwi, na tajiri anauona kuwa ni heshima yake.

Kazi yenyewe, tangu kasa anapoonekana, ni hii. Mnyanyueni kwa kushika gamba mbele nyuma ya shingo na nyuma juu ya mkia, si kwa mapezi. Asilazwe mgongoni. Awekwe kivulini, kitambaa kilichoroweshwa juu ya gamba, pua wazi. Ndoana au mshipi uliomezwa msiuvute, utachana matumbo. Huyo anahitaji kituo cha matibabu. Mwenye vivimbe laini shingoni au machoni asichanganywe na wengine kwenye chombo kimoja.

Kasa aliyetulia kama mfu huenda hajafa. Mlazeni kwa tumbo, sehemu ya nyuma imeinuliwa angalau sentimita 15, mahali pa kivuli na unyevu, na mumwache hivyo kwa saa 4 hadi 24, mkigusa kope au mkia mara kwa mara kuona kama anajibu. Kumtupa majini akiwa amezimia ndiko kumuua.

Sasa ukweli mchungu wa njia hii: inategemea wavu gani. Kwenye uzio wa kutegea samaki, na kwenye nyavu zinazovutwa baada ya muda mfupi, kasa hupatikana hai, na fidia inaokoa kweli. Jarife linalotegwa magharibi na kutazamwa alfajiri ni jambo jingine. Kasa aliyelala chini anaweza kukaa bila kupumua kwa saa kadhaa, lakini anayepapatika wavuni humaliza pumzi haraka sana. Huko mtakuwa mnalipia maiti, na maiti hailipiwi hata siku moja. Iandikwe tu, bila adhabu wala malipo. Kama daftari lenu la dikoni limejaa jarife la usiku, fedha za fidia zihamishieni kwenye kubadili muda wa kutega, kuacha vijia vinavyojulikana kupitwa na kasa kwenda kwenye nyasi bahari, au kujaribu taa. Peru, majaribio yaliyochapishwa 2016 ya kufunga taa ndogo za kijani kwenye nyavu za aina hiyo yalipunguza kasa walionaswa kwa karibu 64%, na samaki waliolengwa hawakupungua. Taa hizo zina gharama ya kununua na betri za kubadilisha, kwa hiyo anzeni na nyavu mbili tatu za matajiri wanaokubali wenyewe.

Kabla ya simu ya kwanza, pateni makubaliano ya maandishi na wenye mamlaka: KWS (shirika la wanyamapori) kwa Kenya, Idara ya Uvuvi au Hifadhi za Bahari kwa Tanzania, na idara ya uvuvi kwa Zanzibar. Mvuvi anayepiga simu akiwa na kasa chomboni anakiri kwa mdomo wake kwamba ana mnyama aliyekatazwa. Akikamatwa mmoja, mradi umekwisha.

Wageni wa kutazama watoto wakitoka

Kisiwani Juani, Mafia, wageni hupelekwa kutazama watoto wa kasa wakitoka, hasa kati ya Juni na Septemba, na sehemu ya kiingilio hurudi kijijini. Ni njia nzuri pale ilipo, kwa sababu yai lililobaki mchangani linaleta fedha mbele ya macho ya wote. Lakini inataka vitu vitatu kwa pamoja: viota vya kutosha kwa msimu ili tarehe zifuatane, wageni walio karibu, na mtunza daftari mwaminifu. Kikikosekana kimoja, iacheni.

Tarehe ndiyo shida. Mayai huchukua siku 50 hadi 65 hivi, kutegemea joto la mchanga, na watoto hukaa siku mbili tatu chini wakipanda pole kabla ya kuchomoza, kwa kawaida usiku. Mgeni mwenye boti ya saa 9 alasiri hajui hayo. Hapo ndipo kishawishi kinapokuja: kuwafukua mapema, au kuwaweka kwenye ndoo mpaka kesho. Mtoto wa kasa hutoka na akiba ya kiini cha yai inayomsaidia kuogelea mfululizo takriban siku nzima ya kwanza mpaka aufikie mkondo wa mbali na mwamba. Kila saa anayopapasa ndani ya ndoo inatolewa kwenye akiba hiyo. Kinachoweza kuuzwa kwa haki ni kule kufukua kwa kuhesabu siku 2 au 3 baada ya kundi kutoka: tarehe inajulikana, kazi ingefanywa tu, na mara nyingi huwa wamebaki wachache hai wa kuonyeshwa wakijikokota wenyewe kwenda majini. Kikundi kisizidi watu 15, wasimame nyuma ya kiota, bila mwanga wa kamera, na asibebwe hata mmoja mkononi.

Hesabu ya kiingilio ibandikwe ubaoni kwenye ofisi ya kijiji kila mwezi: wageni wangapi, kiasi gani, kimekwenda wapi. Bila ubao huo, fedha za wageni huleta chuki kuliko kukosa fedha.

Bwawa

Mabwawa yanayojaa na kupwa na bahari, kama yale ya Nungwi huko Unguja, yana historia ya kupokea kasa kutoka kwa wavuvi, na wageni hulipa kuwaona. Kijiji kikishauriwa kujenga lake, kiulize maswali machache. Kuna daftari la wanaoingia na wanaotoka lenye tarehe? Kasa anakaa siku ngapi? Kwa nini yumo, anaumwa nini? Wageni wanaruhusiwa kuingia majini na mafuta yao ya ngozi? Bwawa lisiloweza kujibu ni kivutio cha utalii, na lihesabiwe hivyo. Kasa wengi ndani ya maji machache huumana na kuambukizana, na mvuvi anayelipwa na bwawa kwa kila kasa ana sababu ya kuwatafuta. Hatulishauri.

Kuhamisha mayai, au kuyaacha?

Suala hili huingia kwenye njia zote. Jibu la kwanza ni kuyaacha. Uzio wa kuangulia unapendeza kwenye picha, lakini unakusanya hatari zote mahali pamoja: bamvua moja (maji makubwa), kundi moja la siafu, mwizi mmoja. Tena joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia. Karibu nyuzi 29 hutoka mchanganyiko, juu ya hapo majike huzidi, na likipanda sana hufa. Kuhamisha kiota kutoka kivuli cha mikoko au mikadi kwenda uwanja mweupe wa jua ni kuingilia jambo ambalo hamlioni mpaka miaka 30 ijayo.

Hamisheni pale tu kiota kiko chini ya mstari wa bamvua, mahali mmomonyoko unapokula, au ufuo ambao ulinzi haupo kabisa. Ifanyike ndani ya saa 6 tangu kutagwa, na mapema zaidi ni bora, kwa sababu kijusi hujishikiza juu ya ganda na yai likigeuzwa baada ya hapo hufa. Toeni moja moja bila kuligeuza, kwenye ndoo yenye mchanga mbichi wa shimo lilelile, lifunikwe jua lisiliguse. Shimo jipya liwe na umbo la mtungi, jembamba juu na pana chini, kina sentimita 60 hadi 70 kwa kasa na 45 hadi 50 kwa ng'amba, umbali wa mita 1 kutoka kiota kingine. Mchanga uliotumika mwaka jana usitumike tena, umejaa ukungu. Zikishapita saa hizo, kiota kilicho hatarini kizungushieni wavu wa waya badala ya kukigusa.

Watu wawili wanaosahaulika

Wa kwanza ni mvuvi wa dago, yaani wa kambi ya muda. Anakuja na upepo, anakaa miezi miwili au mitatu, anaondoka. Hakuwepo kwenye mkutano, halipwi na mfuko wenu, wala hana shamba hapo la kumfanya aogope lawama. Makubaliano ya kijiji yasiyomtaja yana tundu. Kibali chake cha kukaa dago kiwe na sharti la kasa, lisomwe kwa sauti mbele ya nahodha wake, na malipo ya kiota au ya wavu yawe sawa na ya mwenyeji.

Wa pili ni mlaji. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 walilazwa. Sumu hiyo haionekani, haina harufu ya kuonya, na haiondoki kwa kuchemshwa. Haya yasemwe msikitini, shuleni na kliniki ya watoto. Msiyafanye kuwa hoja pekee, kwa kuwa kila mzee anamjua mtu aliyekula kasa maisha yake yote bila kudhurika, na atawajibu hivyo hadharani.

Mara kwa mara huulizwa kwa nini tusivune mayai kwa kibali kama kijiji cha Ostional, Costa Rica, kinavyofanya tangu 1987. Huko aina nyingine ya kasa hupanda kwa maelfu kwa usiku chache, na wanaofika mwisho hufukua mayai ya waliotangulia. Kinachovunwa ni ya siku za mwanzo, ambayo mengi yangeharibika. Kasa wetu hutaga mmoja mmoja. Hapa hakuna ziada ya kuvuna.

Mpango tunaoupendekeza

Daftari likionyesha mayai yanachimbwa na viota havifiki 100: malipo ya kiota yaliyogawanywa, pamoja na mhakiki mmoja wa posho ndogo. Likionyesha majike wanachinjwa: walinzi wawili kwanza, malipo baadaye. Likionyesha nyavu za kutazamwa mara kwa mara: simu, fidia ndogo, uzi kwa tajiri. Likionyesha jarife la usiku: muda, mahali na taa, fidia muisahau. Wageni waje mwaka wa tatu, baada ya viota kuwa na kumbukumbu ya misimu miwili inayoonyesha wiki zipi zina uhakika.

Na kabla ya kutangaza malipo yoyote ya kiota, wekeni benki fedha za miezi mitatu zisizoguswa. Kiota kilichothibitishwa leo ni deni litakaloiva baada ya siku 60, na mfadhili akiaga kesho, deni linabaki mchangani. Siku mnapojua fedha zinakwisha, tangazeni tarehe ya mwisho ya kupokea viota vipya, kisha vilivyopo mviangalie na kuvilipa hadi cha mwisho.